Malengelenge ya homa mdomoni ukiwa mjamzito: la kufanya, hatua kwa hatua

Huku Kanda ya Ziwa mtu akitokwa na malengelenge mdomoni, majirani wana jibu tayari: "Homa imetokea mdomoni hiyo, ushapona." Kwa mtu mwingine maneno hayo hayana hasara kubwa. Kwa mjamzito yana hasara, kwa sababu yanamfanya abaki nyumbani siku ile ile aliyotakiwa kwenda kupima malaria. Wapo pia wa upande wa pili, wanaoona lengelenge kwenye mdomo wakakosa usingizi wakidhani mtoto tumboni naye ameshapata.

Tuanze na hao wa pili. Lengelenge la mdomoni linalokurudia mara kwa mara halishuki tumboni. Halimfanyi mtoto azaliwe na kasoro, wala haliharibu mimba. Mambo ya kuyatolea macho ni homa iliyoliamsha lengelenge hilo, na midomo itakayomgusa mtoto akishazaliwa. Mengi mengine ni ya kujipunguzia maumivu na aibu ya kutembea na kidonda usoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Malengelenge ya homa hutoa taarifa kabla hayajaonekana. Sehemu moja ya mdomo, mara nyingi pale ngozi ya uso inapokutana na ya mdomo, huanza kuwasha, kuchomachoma au kufa ganzi. Saa chache baadaye, au kesho yake, vinatokea vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vyenye maji maangavu. Siku mbili tatu vinapasuka, kinabaki kidonda kibichi, kinafunga kigaga, kigaga kinadondoka. Yote hayo huchukua siku 7 hadi 10, mara chache wiki mbili, na kwa kawaida hayaachi kovu.

Kinachosababisha ni kirusi cha hepesi, zaidi kile cha aina ya 1. Wengi wetu tulikipata utotoni kwa kubusiwa au kunywea kikombe kimoja na mtu aliyekuwa nacho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 duniani wanacho, kwa hiyo hakuna haja ya kumnyooshea mtu kidole. Kikishaingia hakitoki. Kinajificha kwenye kiini cha neva ya uso na kulala huko miaka, kikiamshwa kinafuata neva ile ile hadi mdomoni. Ndiyo maana malengelenge hupenda kurudi palepale. Kinachokiamsha ni homa, jua kali, uchovu, kukosa usingizi na mawazo. Mimba nayo hubadilisha kinga ya mwili, kwa hiyo usishangae yakikutembelea mara nyingi kuliko zamani.

Sasa, si kila kidonda cha mdomo ni hiki. Mipasuko kwenye pembe za mdomo, ile inayouma ukipiga miayo, mara nyingi ni fangasi au upungufu wa damu na vitamini. Onyesha kliniki, wakupime damu, na uendelee na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa hata kama vinakukera tumbo. Vidonda vyeupe ndani ya shavu au chini ya ulimi kwa kawaida ni kitu kingine na huisha vyenyewe. Kidonda kimoja, kigumu, kisichouma, kinaweza kuwa kaswende. Kipimo chake ni miongoni mwa vile vya hudhurio la kwanza la kliniki, kwa hiyo angalia kadi yako kama kimejazwa.

Kuna kimoja cha kukimbia nacho hospitali. Ukiona midomo imejaa vidonda, macho yamekuwa mekundu na ngozi inatoa malengelenge au kubabuka, na katika siku au wiki za karibuni umemeza SP (ile dawa ya kukinga malaria) au septrini, hiyo si hepesi. Dawa hizo zote mbili zina salfa, na wachache mwili wao huikataa kwa namna inayoweza kuua. Nenda siku hiyo hiyo, na paketi ya dawa mkononi.

Hatua ya 2: Pima homa kabla hujashika kidonda

Hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Lengelenge lililokuja na homa linakuambia jambo moja tu: mwili umepata homa ya kutosha kumwamsha mgeni aliyelala. Halikuambii ni homa ya nini, wala kwamba imekwisha. Kwenye ukanda huu wa ziwa, homa kwa mjamzito ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na malaria ya mjamzito ina ujanja wake: vimelea hujazana kwenye kondo la nyuma, mama anaweza kujisikia nafuu huku mtoto akikosa chakula. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na wakati mwingine mimba kutoka.

Kwa hiyo:

Kama umepata homa, baridi ya kutetemeka, kichwa au viungo kuuma ndani ya siku hizo, nenda zahanati siku hiyo hiyo ukapimwe kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Majibu hutoka ndani ya nusu saa. Mwambie anayekupima kwamba una mimba na ya miezi mingapi, hata kama unadhani inaonekana.

Usimeze mseto, yaani dawa ya malaria, uliobaki nyumbani. Dozi nusu haiponyi, na pia inavuruga majibu.

Kipimo kikisema hakuna malaria na homa ipo, omba wapime mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo huwapata wajawazito sana na yakipanda kwenye figo huleta homa kali na hata uchungu kabla ya wakati. Ukiambiwa "hamna kitu, nenda kapumzike" na kesho homa bado inapanda, rudi. Mjamzito haombi radhi kwa kurudi.

Chandarua ulichopewa kliniki kilalie wewe, usimwachie mgeni. SP ya kukinga malaria huanza miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila hudhurio ilimradi mwezi umepita tangu dozi ya mwisho; unaimeza palepale mbele ya nesi. Anayetumia septrini kila siku hapewi SP, na hilo mkumbushe nesi mwenyewe asipouliza.

Kama hukuwa na homa kabisa, angalia jua. Mwanza iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yanarudisha mwanga usoni. Mama anayeinama asubuhi nzima kuanika dagaa Igombe au Kayenze anaunguzwa kutoka juu na kutoka chini.

Hatua ya 3: Wahi siku ya kuwasha

Dawa ya kupaka inayofaa ni krimu ya Acyclovir ya asilimia 5. Ni salama kwa mjamzito kwa sababu inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Inasaidia kwa kiasi tu: hupunguza kama nusu siku hadi siku moja ya kuumwa, na hiyo ni kama umeianza wakati wa kuwasha. Ukisubiri mpaka kigaga kifunge, umepaka mafuta ghali.

Kama yanakurudia mara kwa mara, nunua tyubu mapema uiweke kwenye pochi. Kwenye maduka madogo ya dawa ya mtaani unaweza usiipate, nenda famasi kubwa mjini. Soma tarehe ya mwisho, na soma neno "cream", kwa sababu Acyclovir ipo pia ya macho, na hiyo si ya kupaka mdomoni.

Kupaka ni mara tano kwa siku, kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kabla ya kulala. Nawa mikono, toa kidogo kwa kijiti cha pamba, gusisha juu ya kidonda na pembezoni kidogo bila kusugua, tupa kijiti, nawa tena. Usichovye kijiti kilichogusa kidonda kwenye mdomo wa tyubu. Endelea siku tano. Isipakwe ndani ya mdomo wala karibu na jicho.

Vidonge vya Acyclovir navyo vimetumika kwa wajawazito miaka mingi na havijaonekana kuongeza kasoro kwa watoto. Lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na kwa lengelenge la kawaida la mdomo mara nyingi huvihitaji. Huandikwa pale yanapokuwa mengi, makali, au ndiyo mara ya kwanza maishani.

Hatua ya 4: Maumivu na chakula

Panadol ya kawaida, yaani parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, tena baada ya saa sita kama bado inauma, visizidi vinane kwa siku. Usitumie brufen wala diklofenaki. Nalisema hili kwa herufi kubwa moyoni kwa sababu ukifika dukani ukasema "naumwa", kinachokuja haraka kaunta ni Diclopar, na ndani yake kuna diklofenaki. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa kuanzia wiki ya 20. Sema "nina mimba" kabla ya kusema unachoumwa.

Kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, hutuliza vizuri. Mafuta ya mgando ya kawaida huzuia kigaga kisipasuke ukicheka.

Kula vitu laini visivyo na ndimu wala pilipili: uji wa vuguvugu, mtindi, ndizi, sato wa mchuzi aliyechambuliwa miiba. Dagaa wa kukaanga subiri wiki ijayo. Kunywa maji, hata kwa mrija kama kikombe kinagusa kidonda.

Hatua ya 5: Vitu vya kuacha kupaka

Dawa ya meno, chumvi, majivu, spiriti, ndimu: vyote huunguza ngozi mbichi na kuacha doa ambalo lengelenge lenyewe lisingeacha. Mafuta ya taa ndiyo usiyaguse kabisa.

Hatari ya kweli imo kwenye zile krimu za "mchanganyiko" ambazo kila nyumba inayo moja kabatini, inayopakwa kuanzia fangasi hadi chunusi. Geuza tyubu usome: ukikuta betamethasone, clobetasol au dexamethasone, hiyo ina steroidi. Steroidi hulaza kinga ya ngozi, na hepesi ikikuta kinga imelala hutambaa. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama unaweza kukiona kimefika puani.

Dawa ya miti ya kunywa pia iache, mwarobaini ukiwemo. Haishauriwi kwa mjamzito. Najua bibi alikunywa akazaa wanane.

Hatua ya 6: Usikisambaze

Kirusi hupita kwa urahisi kuanzia ile siku ya kuwasha mpaka kigaga kidondoke. Siku hizo usibusu mtu, na kuwa na kikombe, mswaki, taulo na lipstiki yako peke yako. Kile kikombe kimoja kinachokaa juu ya ndoo ya maji ya kunywa, kinachotumiwa na nyumba nzima, kipumzishe.

Usitumbue. Usiguse kidonda halafu ukafikicha jicho. Hepesi ya jicho hutia kovu kwenye kioo cha jicho na inaweza kupofua. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu na kuogopa mwanga wakati una lengelenge, usinunue dawa ya matone, nenda kliniki ya macho siku hiyo.

Halafu jambo la chumbani, ambalo nesi anaweza asikuambie mbele za watu. Baba akiwa na lengelenge mdomoni, asiguse sehemu zako za siri kwa mdomo. Kirusi cha mdomoni kinaota huko vilevile, na ukikipata kwa mara ya kwanza huko chini ukiwa mwezi wa nane au wa tisa, hali inakuwa tofauti kabisa na hii tunayoongelea. Nalieleza hapa chini.

Hatua ya 7: Kama vidonda viko au viliwahi kuwa sehemu za siri

Mwambie mkunga hata kama ilikuwa miaka mitano iliyopita. Usione haya, yeye ameshaona mengi.

Mama aliyeambukizwa zamani ameshatengeneza askari wa kinga na amempa mtoto kupitia kondo. Hata vidonda vikirudi wakati wa kujifungua, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni chini ya 3 kati ya 100. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba hajapata muda wa kutengeneza askari hao, na kwake uwezekano hufika 30 hadi 50 kati ya 100. Kwa hiyo vidonda vipya huko chini kwenye miezi ya mwisho ni vya kukimbilia hospitali, si vya kupaka GV, ile dawa ya zambarau.

Daktari anaweza kukuanzishia vidonge vya Acyclovir, mara nyingi miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36, ili siku ya uchungu ikukute huna kidonda. Ukianza uchungu au chupa ikipasuka na kidonda kipo, sema mlangoni kabla hujapimwa njia. Kwa hali hiyo upasuaji humkinga mtoto. Anayeishi visiwani, iwe Ukara au kisiwa kidogo zaidi huko Ukerewe, apange na mkunga wake mapema aende kukaa karibu na hospitali yenye upasuaji wiki za mwisho. Mtumbwi wa usiku wenye upepo si mahali pa kuanza kufikiria hilo.

Hatua ya 8: Lini lengelenge la mdomo lenyewe linahitaji daktari

Nenda kama ni mara yako ya kwanza maishani na limekuja na homa kali, ufizi umevimba, mdomo umejaa vidonda hadi humezi. Nenda kama halijapona ndani ya wiki mbili, linazidi kupanuka, au linarudi karibu kila mwezi. Katika hali hizo utaombwa kurudia kipimo cha VVU hata kama cha mwanzo kilikuwa hasi. Kubali. Kujua mapema ndiko kunakomkinga mtoto. Kama tayari unatumia dawa za CTC, yaani kliniki ya VVU, waonyeshe huko huko.

Hatua ya 9: Kuzuia yasirudi

Jua kwanza. Kofia ya ukingo mpana au kanga iliyotokeza mbele ya uso, na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya SPF 30. Yapake tena ukishakula. Mafuta ya mgando peke yake hulainisha tu, hayazuii jua. Kama biashara yako iko soko la Mwaloni au kando ya ziwa, jaribu kazi ya kuanika na kugeuza dagaa uifanye kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, katikati kaa kivulini ukiuza.

Usingizi ni wa pili, na huo najua hauko mikononi mwako peke yako. Mwenye mimba ya miezi saba anayechota maji, kupika na kurudi sokoni atatokwa na malengelenge hata akipaka nini. Mume au wadogo zake wabebe ndoo.

Hatua ya 10: Mtoto akishazaliwa

Kinga ya mtoto mchanga bado haijakomaa kupambana na hepesi. Kirusi ambacho kwako ni kero ya wiki moja, kwake kinaweza kuingia kwenye ubongo na ini. Hutokea mara chache, lakini kikimpata ni hatari sana, na wiki sita za kwanza ndizo mbaya zaidi. Arobaini ya wazee wetu inaangukia hapohapo, kwa hiyo itumie: mpaka arobaini iishe hakuna anayembusu mtoto, awe na kidonda au hana, kwa sababu kirusi kinaweza kutoka kwenye mate hata bila lengelenge kuonekana.

Kazi ngumu ni kuwaambia wakubwa. Mama mkwe ametoka Magu na kuku na unga wa uji, anamshika mjukuu, anainamisha uso. Mwambie mapema, kabla hajamshika:

"Mama, shikamoo, karibu. Naomba nawa mikono umshike mjukuu wako. Kubusu tu ndiyo kliniki wamekataza mpaka arobaini iishe, hata mimi na baba yake hatumbusu."

"Hee, hata miguu?"

"Hata miguu, mama. Anaitia mdomoni kesho."

Sehemu ya "hata mimi" ndiyo inayofanya kazi. Hakuna anayejiona ametengwa. Wifi na mashangazi aachiwe mume awaambie, ni ndugu zake.

Wewe mwenyewe ukitokwa na lengelenge, endelea kunyonyesha. Maziwa hayapitishi kirusi hiki. Nawa mikono kila kabla ya kumshika, vaa barakoa au funika kidonda mpaka kigaga kidondoke. Kidonda kikitokea kwenye titi, upande huo usimnyonyeshe na maziwa yake yakamue uyamwage kama yamegusa kidonda, upande mwingine unaendelea.

Mtoto wa chini ya wiki sita akikataa kunyonya, akalegea kuliko kawaida, akapata homa au mwili ukawa wa baridi, akashtukashtuka au degedege, akapumua kwa shida, au ukaona lengelenge popote mwilini mwake, usisubiri asubuhi. Kwa wa mjini nenda moja kwa moja hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kwa wa mbali anza na kituo cha afya kilicho karibu wakupe rufaa. Anatibiwa kwa Acyclovir ya mshipani, wiki mbili hadi tatu, na kila saa inayopita kabla ya kuanza ina gharama. Dalili hizo ni za magonjwa mengi ya wachanga, kwa hiyo daktari anaweza asiifikirie hepesi kwanza. Mwambie wewe: nani kwenye nyumba alikuwa na lengelenge, lini, na kama alimbusu mtoto.